Bwana Miwani na Ufunguo wa Mwisho

Bwana Miwani alimwona bibi yule kabla hajamaliza kushuka kwenye teksi. Kusema kweli aliuona mkoba kwanza, kisha bibi. Ulikuwa mkoba wa ngozi, mkubwa kama mto wa kulalia, na bibi ameukumbatia kwa mikono miwili kama aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Riziki haina adabu," alimnong'oneza mama muuza maji, aliyekaa kwenye lango la mji na ndoo yake. "Inamjia mtu hata hajanywa chai."

"Mwache bibi wa watu," akasema mama.

"Kwani nimemgusa? Nitamtembeza tu."

Kutembeza ndiyo ilikuwa kazi yake. Mji ule ulikuwa mkongwe, wenye ukuta wa mawe na vichochoro vya kupita mtu mmoja na nusu, na waongozaji wenye vitambulisho walidai malipo asubuhi. Bwana Miwani hakuwa na kitambulisho. Alikuwa na fremu ya miwani isiyo na vioo, faili tupu kwapani, na ulimi. Tena hakudai hata senti mpaka jioni. Hapo ndipo watu walipomwamini, na hapohapo ndipo alipotega mtego.

Siku nzima alisimulia hadithi moja, kipande hapa na kipande pale, ya malkia aliyemfungia mfalme nje ya jumba. Jioni, mbele ya mlango wa jumba lenyewe, alitoa mfukoni ufunguo mzito wenye kutu, akatazama huku na huku, akasema kwamba huo ndio wa malkia, na serikali ikijua atafungwa. Mgeni mwenye tamaa hakuhitaji kusukumwa.

Funguo hizo alizipata kwa fundi vitasa mmoja, kopo zima la vyuma chakavu. Kumi na moja zilishakwenda duniani, kila mmoja ukiwa wa pekee. Huu wa leo ulikuwa wa mwisho kabisa, na fundi alishahama mji. Bwana Miwani alikusudia uzae kamera, awe mpiga picha wa langoni, mtu wa kukaa kivulini. Ukimponyoka bure, hadithi yake itabaki haina mkia, na hadithi isiyo na mkia hailishi mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayetembeza watu?"

"Ndimi mwenyewe. Ziara ya mtu mmoja, siku nzima, unalipa jioni ukiridhika."

"Nisiporidhika?"

"Nitakuwa nimepata baraka za mzee."

Alikuwa akijikuna jicho huku akisema, na kidole kikapita katikati ya miwani bila kugonga kitu. Bibi aliona.

"Nibebee mkoba, basi," akasema. "Ila usiufungue. Mna vitu vya marehemu."

Kuna watu wakisikia vitu vya marehemu huwaza makaburi. Bwana Miwani aliwaza vidani vya dhahabu. Mkoba ulikuwa mzito hata bega likalalamika, naye akafurahia kila lalamiko.

Walianzia palepale langoni. "Hapa ndipo malkia alipoingia akiwa bi harusi, amepanda farasi mweupe."

"Ngoja kwanza. Kichwa changu ni debe lililotoboka. Sema tena, polepole."

Akasema tena. Bibi akayarudia kwa midomo bila sauti, kama mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha. Ikawa hivyo kila mahali: kitu kisemwe mara mbili, pengine tatu, ndipo bibi atikise kichwa na kusema, "Haya, twende."

Mnara wa saa una ngazi tisini na mbili. Bwana Miwani alimshika bibi mkono kila ngazi, mkoba begani, jasho mgongoni.

"Saa hii," akasema walipofika juu, akihema, "ilisimama siku ile mfalme aliporudi safarini akakuta mlango umefungwa. Haijatembea tena mpaka leo."

Saa ikagonga.

"Inagonga," akasema bibi.

"Inaomboleza."

Bibi akamtazama kwa furaha ya kweli. "Hilo zuri. Inaomboleza."

Mchana waliketi penye kisima cha zamani. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba. Bwana Miwani akavua koti, akalitandika juu ya jiwe ili bibi asikalie ubaridi. Kisha akatoa mkate wake, chakula chake cha siku nzima, akaumega, na kipande kikubwa akampa bibi. Hilo halikuwamo kwenye mpango. Lakini hata mlaghai alilelewa na mtu.

"Nani alikulea?" akauliza bibi.

"Bibi yangu, mzaa mama."

"Alikulea vizuri. Sehemu fulani tu." Akapangusa midomo. "Sasa niambie, kwa nini malkia alimfungia mumewe nje?"

"Alitaka ufalme, bibi."

"Hapana. Mwanamke hamfungii mume mlango kwa ajili ya ufalme. Pengine mfalme aliondoka bila kumuaga."

Bwana Miwani akafikiri. Kwa miaka sita hakuwahi kulipata neno kama hilo. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Nilikuwa nakuja huko huko."

"Hapo watu watalia," akasema bibi.

Angeuliza watu gani. Hakuuliza, alikuwa akiutazama mkoba.

Jua lilipoanza kuinama walifika kwenye jumba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la halmashauri ya mji. Bwana Miwani akatazama huku na huku, akatoa ufunguo.

"Kitu hiki, bibi, sijamwonyesha binadamu yeyote."

Bibi aliupokea kwa viganja viwili. "Kiasi gani?"

Akataja bei ambayo hata yeye mwenyewe ilimwasha masikio.

"Ni haki yake," akasema bibi bila kusita. "Fedha ziko benki, pale kwenye kona. Mkoba siwezi kuingia nao, askari watataka kuupekua, na vitu vya marehemu havipekuliwi. Kaa nao hapa uwe rehani. Mimi niende na ufunguo, nije na fedha."

"Na ufunguo, bibi?"

"Huniamini, mjukuu wangu?"

Bwana Miwani akapima. Upande huu chuma chenye kutu. Upande huu dhahabu ya marehemu. Naye hakuhitaji kusukumwa.

"Nenda, bibi. Angalia ngazi, zinateleza."

Bibi alipokata kona hii, yeye akakata kona ile, mbio. Nyuma ya ukuta akafungua mkoba. Mlikuwa na matofali mawili yaliyofungwa kwa shuka kuukuu. Juu yake, ndani ya karatasi safi, kulikuwa na nusu ya kile kipande kikubwa cha mkate.

Alikaa chini akaula. Afanyeje? Njaa ilikuwa yake.

Asubuhi alirudi langoni na mkoba wake mtupu, macho mekundu, akimtafuta. Hakutafuta sana. Bibi alikuwa amesimama katikati ya lango, shuka jeupe mabegani, ufunguo ukining'inia shingoni kwa utepe. Mbele yake walikuwa wageni tisa.

"Akaja amepanda farasi mweupe," alisema bibi. "Ufunguo huu nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake. Na kosa la mfalme lilikuwa moja tu. Aliondoka bila kuaga."

Mgeni mmoja akatoa leso.

"Uongo huo!" akapiga kelele Bwana Miwani. "Malkia hakuwepo. Hakuna hata neno moja la kweli."

Wageni wakageuka. "Umejuaje?" akauliza mwanamume mmoja mnene.

Ulimi uliomlisha Bwana Miwani miaka sita ulilala palepale.

"Huoni haya kumbishia mzee?" Yule mnene alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati.

"Mwache, baba," akasema bibi. "Mjukuu wangu huyo. Huwa mkali kabla hajala." Akamvuta pembeni.

"Bibi, hadithi ni yangu."

"Ilikuwa yako. Kijana akisema maneno haya huitwa mwongo. Mimi nikiyasema, huitwa kumbukumbu. Funguo umeuza ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na umebaki na nini?"

Akautazama mkoba mtupu.

"Huu siuzi," akasema bibi. "Ukiuuza, unakula mara moja. Ukiuvaa, unakula kila siku." Akautwaa mkoba, akaujaza kutoka kwenye kapu lililokuwa miguuni pake, akamrudishia. "Beba."

Ulikuwa mzito kuliko jana. "Matofali tena?"

"Maji ya wageni. Na mkate wako mzima. Jana ulinipa kipande kikubwa, nilikiona. Jioni tutagawana, sawa kwa sawa. Ila vua hiyo miwani, utanichekesha nikisimulia."

"Riziki haina adabu," akasema mama muuza maji, akiangalia ndoo yake iliyokwisha maji mapema siku hiyo.

Bwana Miwani akavua miwani, akaitia mfukoni. Akambebea bibi mkoba ngazi zote tisini na mbili, na mkono wa pili akamshika bibi mwenyewe. Walipofika juu, saa ikagonga.

"Inaomboleza," akasema bibi.

Wageni tisa wakainamisha vichwa. Naye, mwenye kuibuni hadithi hiyo, akajikuta ameinamisha chake.