Malalamiko Kuhusu Sajini Aliyekaa Kiti cha Kaka wa Bibi Harusi

Kwa Mheshimiwa Afande Mkuu wa Kambi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kikosi chako kimetulia. Mimi ni mbeba zege kwenye jengo refu lililo mbali sana na kwetu, mwendo wa basi wa kuvimba miguu. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya unisamehe, hoja zimekaa vizuri. Naandika nikiwa juu ya mfuko wa saruji, na kwa heshima yako nimenawa mikono kwanza.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu wa kike aliolewa na fundi friji, kijana mpole, sina neno naye. Baba yetu ni marehemu. Kwa hiyo ni mimi, kaka mtu, niliyepaswa kukaa meza kuu karibu na bibi harusi na kusema neno la familia. Neno hilo nililifanyia mazoezi mbele ya mashine ya zege mpaka wenzangu wakaanza kuniita Mheshimiwa Mbunge. Basi, kati ya wageni wa bwana harusi alikuwemo sajini wako mmoja, mrefu, amevaa sare kamili ya gwaride: koti jekundu, vifungo vya dhahabu, nishani, mkanda mweupe, glavu nyeupe na kifimbo kwapani. Kadi ya mwaliko ilisema tuvae tupendeze. Haikusema mtu avae atawale.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sajini alipotokea mlangoni, mshereheshaji aliomba ukumbi mzima usimame, na ukumbi ukasimama. Bwana harusi alikuwa ameingia muda mfupi kabla yake na watu waliendelea kutafuna karanga. Mpiga kinanda naye akakatisha wimbo wa maharusi, akapiga kitu cha gwaride, cha kutembelea kwa mguu mmoja mmoja. Nakubali sajini hakuyaomba haya. Lakini alipiga saluti, Afande. Mtu akishapiga saluti ameyapokea.

2. Mpiga picha alimpiga sajini na keki, sajini na maua, sajini na bibi harusi. Bwana harusi aliambiwa, "Kaka, hebu sogea, unamkinga afande." Katika picha kubwa itakayotundikwa sebuleni kwao, bwana harusi ni kiwiko.

3. Hili ndilo zito. Kwetu kazini, mwenye vifungo vinavyong'aa ni mkaguzi. Mkaguzi akiingia, unaacha ulichoshika, unainuka kwenye ndoo uliyokalia, unaifuta kwa mkono wa shati, unamkaribisha. Huwazi, mwili wenyewe unainuka. Sajini alipopita meza kuu kumpa mkono dada yangu, mimi niliinuka. Nikakifuta kiti. Nikasema, "Karibu mkuu, tulikuwa tunamalizia." Naye, kwa adabu, akakaa. Niliposhtuka nilikuwa nimeshafika nyuma ya ukumbi, nimesimama karibu na kreti za soda kama ninavyosimama siku ya ukaguzi, na mgeni mmoja ananiuliza kama za baridi zimekwisha. Nilimletea.

4. Mshereheshaji alipofika kwenye neno la familia hakutazama uso, alitazama kiti. "Sasa tumwite kaka wa bibi harusi!" Makofi yakalia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti natafuta kifungua chupa. Nadhani askari hukataa vingi lakini hakatai makofi, maana alisimama, akavuta koti, akasema: "Huyu ni dada yetu. Mtunzeni. Asante." Akakaa. Watu walilia. Shangazi yangu, ambaye sijaonana naye tangu nilipoondoka kwenda kutafuta kazi, alimkumbatia akimwaga machozi kwenye nishani: "Jamani, jeshi limemnyoosha mtoto wetu!" Nilimwendea mama nikamwambia, "Mama, si uwaambie?" Mama akanishika shavu. "Mwache tu, baba. Kapendeza."

5. Tangu siku hiyo ndugu wanapiga simu nyumbani kumuulizia mwanajeshi wetu. Mjomba anataka aje asimame tu kwenye mpaka wa shamba, asiseme kitu, jirani amwone. Hakuna anayemuulizia mbeba zege.

Nilisahau jambo lililopaswa kuwa kabla ya hilo la tano. Alicheza muziki pia. Alikuwa akiinua magoti mpaka kifuani, na watoto wote wa ukoo wakajipanga nyuma yake. Wengine wao ni watoto wa dada zangu. Mmoja aliponipita aliniambia, "Anko, pisha jeshi."

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu ofisi yako ichague mojawapo kati ya hatua hizi. Askari akialikwa harusini, sare ya gwaride ifunikwe shuka mpaka maharusi waondoke, na vifungo vipakwe majivu. Kama hilo linalitia jeshi aibu, basi haki iwe sawa: nasi tuje na sare yetu kamili, kofia ngumu, fulana ya kung'aa usiku, mabuti ya mpira na sepetu kwapani, na ukumbi usimame. Fundi bomba aje na bomba. Mzimamoto aje na gari lake, aliingize ndani. Kama ukumbi hautoshi, basi harusi irudiwe, sajini avae fulana, akae karibu na kreti za soda. Maharusi sijawauliza, lakini wakipata amri kutoka kwako watakubali. Na kama yote hayo hayawezekani, kwa kuwa ukoo umeshampokea kama mimi, basi tubadilishane moja kwa moja. Yeye aje hapa kesho abebe zege, na mimi nije kambini. Saluti naiweza. Bunduki ningeomba nisipewe.

Nisalimie walinzi wa geti, wapiga tarumbeta, wapishi, mama watoto wako na yeyote anayezipiga pasi sare hizo, maana kazi yake tumeiona.

Ni mimi, mjenzi wa taifa kwa maana ya matofali,
Kaka Halisi wa Bibi Harusi

N.B. Kabla sijafunga bahasha mama amepiga simu. Mdogo wetu wa kike wa mwisho naye amepata mchumba, na siku waliyopanga ndiyo siku tunayomwaga zege la paa. Nimemwomba nyapara ruhusa mara mbili, amekataa. Kwa hiyo, Afande, naomba hayo ya juu uyaache. Nitumie sajini yule yule, avae ile ile, vifungo ving'ae. Kiti chake ni kile cha karibu na bibi harusi. Neno langu la familia nimeliandika nyuma ya karatasi hii, alisome taratibu, na akifika pale pa marehemu baba anyamaze kidogo ndipo aendelee. Shangazi akimkumbatia na kumwita kwa jina langu, aitike.