Ramani ya Stoo ya Hezekiah

Jumatatu, 4 Agosti
Mahindi yametushinda. Magunia kumi na moja chumbani, na panya juu ya mto wangu. Christine amesema, kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa, kwamba anataka stoo nyuma ya jiko kabla mvua haijaharibu kila kitu. Nikamjibu ramani ninayo tayari. Sina. Nimeshinda kwenye simu nikitafuta. Stoo zote ni za Ulaya, paa za kuhimili theluji. Hapa Malinya tuna mvua ya mawe tu. Christine ametaka kuiona ramani. Nimesema inachapishwa mjini.

Jumanne, 5 Agosti
Fundi Oduor amejitolea kunichorea. Nimekataa. Bado anasimulia lile banda langu lililoanguka na kuku ndani. Stoo ya maana kijijini ni moja, ya jirani yangu Hezekiah. Nguzo zimenyooka, paa halivuji. Kumwomba ramani siwezi, atanitangaza uwanja mzima wa kupiganisha fahali. Nitaipima mwenyewe, kimyakimya. Alhamisi yeye na mkewe wanaenda mazishini Shianda.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeingia stoo ya Hezekiah na utepe wa kupimia nguo wa Christine, nikavuta mlango. Komeo la nje likajifunga. Kisha kitu kikapumua gizani. Kumbe humo ndimo alimomficha fahali wake wa pambano la Jumamosi. Nikaparamia boriti. Nimekaa juu kama kuku kuanzia saa nne hadi saa tisa. Utepe ulianguka, akautafuna huku akinitazama. Hezekiah aliporudi hakupiga kelele. Aliuliza polepole, "Umempaka nini ng'ombe wangu?" Anaamini nimemroga. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 8 Agosti
Kikao kwa mzee wa mtaa, Mama Awinja. Ndugu za Hezekiah walisimama mlangoni, Christine kando yangu. Nikinyamaza, mimi mchawi, na mchawi anaweza kuchomewa nyumba. Nikisema, Christine atajua sina ramani. Kwa kweli nilifikiria sana kuiacha nyumba ichomwe. Mwishowe nikasema ukweli. Christine akasogea hatua moja mbali nami.
"Si ungeniomba tu, jirani?" Hezekiah akauliza. Akaenda kwake, akaniletea ramani yenyewe. Lakini ndugu zake hawakuamini neno. Fahali akishindwa kesho, wamesema, watakuja kwangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikula kitu. Uwanjani nilisimama karibu na njia ya kukimbilia. Fahali wa Hezekiah aliingia, akasimama, akakohoa. Watu wote wakanigeukia. Nikamwambia Christine nampenda, akaniambia ninyamaze. Kisha fahali akainamisha kichwa, akamsukuma mwenzake hadi kichakani. Hezekiah akanikumbatia. Nililia. Nikasema ni furaha.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya kanisa tulianza kuchimba mashimo ya nguzo. Oduor ameitazama ramani, akasema ni nzuri ila haina ukurasa wa paa. Christine ameniuliza, mbele ya fundi, kama paa ninalijua. Nimesema mchoro ninao.
Paa zuri kuliko yote ni la ghala la pasta wetu wa kanisani. Jumatano anaenda mkutanoni Malava. Ana mbwa wawili, lakini nimesikia ni wa kubweka tu.