Mzani Uliosema Kabla ya Kuulizwa

Kijiwe cha kahawa cha Nulu, pale Nakaloke, kina sheria moja tu: asiongee mtu aliye na mandazi mdomoni. Sheria hiyo niliitunga mimi, na tangu niitunge haijatiiwa hata asubuhi moja. Wananiita Prefekti, kwa kuwa nililelewa bwenini, mahali ambapo kengele ililia na watu wakanyamaza. Hapa kengele ikilia, watu hushindana nayo.

Asubuhi hiyo Wanzala aliwasili akihema. Yeye tunamwita Spika, maana huishi kwa mdomo: siku ya utambulisho, kijana anapopelekwa kwa wazazi wa binti, Wanzala ndiye hukodiwa kusema kwa niaba ya waoaji.

"Mmesikia redio? Wametangaza! Nakaloke kuna ghala la kahawa lenye mzani wa jini!"

"Wametaja jina?" Nulu aliuliza, birika mkononi.

"Jina la nini? Nakaloke nzima nani mwingine amefunga mzani kwenye kompyuta? Ni Namono!"

"Bwana Wanzala," Namono, mwenye ghala, alisema kutoka mwisho wa benchi, "niko hapa. Huna haja ya kunisengenya kwa kupiga kelele."

Wanzala alijikohoza akaomba kahawa. Lakini Afande Matia alikuwa ameshasimama. Huyu ni askari jela mstaafu, siku hizi mkulima wa kahawa, anayeamini kwamba dunia ingenyooka kama watu wote wangepangwa mstari na kuhesabiwa.

"Redio iko sawa! Mimi iliona na macho yangu. Jana gunia ya Nandutu iliwekwa kwa mzani, ile mshale ya kompyuta ikaruka kama panzi. Ikafuta barua. Ikafungua muziki ya harusi! Nauliza: kahawa iko nataka kuoa?"

"Na wewe ulifanya nini, Afande?"

"Nilirudi nyuma. Kwa mpango."

"Ulikimbia," Nulu alisema. "Ulipita hapa kiatu kimoja kimebaki njiani."

"Kurudi nyuma hapana kukimbia! Jela inajua tofauti."

Benchi lilicheka. Namono hakucheka.

"Chekeni tu. Wakulima wanashuka leo na magunia. Mukama, huyo anayenunua kahawa ng'ambo ya barabara, amefagia uwanja wake tangu alfajiri, na sote tunajua si mtu wa usafi. Wakimpelekea yeye leo kwa kuniogopa mimi na jini langu, msimu umeisha. Nafunga mlango."

Hapo ndipo Magid alipotokeza ghalani, nywele zimejaa vumbi la kahawa. Huyu ni fundi wa kompyuta kutoka Mpumudde, Jinja, aliyeitwa na Namono usiku uliotangulia. Aliketi, akachukua mandazi yangu bila ruhusa, akasema yakiwa mdomoni:

"Hakuna jini. Kompyuta imedhani mzani ni kipanya."

"Kile cha kusogezea mshale?" Namono aliuliza.

"Hicho hicho."

"Mzani unaobeba gunia zima?" Nulu alishangaa. "Hata aliyeniposa mimi hakukosea kiasi hicho!"

"Sikilizeni. Ndani ya kompyuta kuna kiini cha mfumo, ndiye mwenye nyumba. Kifaa kikichomekwa, kiini kinauliza: nani kakutengeneza, namba yako nini? Halafu kuna viendeshi, programu ndogondogo. Kila kimoja kinajua lugha ya vifaa vyake tu, na kinazijua namba zao. Namba zikilingana, kiini kinasema: mchukue, huyu wako."

"Hiyo ni mapokezi ya jela!" Afande alifurahi. "Jina, namba, kosa, ingia bloku yako!"

"Jela gani, Afande? Huo ni utambulisho," Wanzala alipinga. "Ukoo gani, baba nani, mmefuata nini kwetu?"

Nilieleza kwamba mifano yote miwili ilipungukiwa na jambo la msingi, yaani nidhamu. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Sasa, mzani wa Namono ni wa kizamani," Magid aliendelea. "Waya wake una namba, umepokelewa vizuri. Lakini mzani wenyewe, nyuma ya waya, hauna namba ya kutaja. Kiini kimebaki kusikiliza tu. Na mzani huu hauna adabu! Ukiwashwa unataja uzito mfululizo, uulizwe usiulizwe. Kompyuta inaamka asubuhi, inasikia porojo. Vipanya vya zamani navyo vilizoea kupayuka hivyo pale kompyuta inapoamka. Basi kiendeshi cha kipanya kikadaka: huyu wangu! Tangu hapo kila gunia likiwekwa, kompyuta inadhani mkono wa mtu unasogeza mshale."

"Na kiendeshi cha mzani, kile halali?" Namono aliuliza.

"Kilifika, kikakuta kiti kina mtu. Kifaa kimoja hakikai na viendeshi viwili."

Wanzala aliweka kikombe chini kwa heshima, kama mtu aliyekumbuka marehemu.

"Hii niliiona Jinja, kwenye utambulisho. Shangazi wa binti anatafuta bwana harusi kati ya wageni, ua mkononi, amvishe kifuani. Mimi nimewaambia vijana wangu: asiseme mtu kabla hajaulizwa. Rafiki mmoja, njaa imemshika, akasikia sahani zinalia nyuma ya hema. Akaropoka, 'Tuko tayari!' Shangazi akamvisha yeye ua."

"Na bwana harusi?"

"Amekaa pembeni, suti ya kukodi, macho kama ng'ombe kwenye mvua."

"Mkafanyaje?"

"Shangazi akalichomoa ua mbele ya watu wote. Lakini yule kijana alishaanza kumtabasamia binti!"

"Basi nami ndicho nilichofanya," Magid alisema. "Nimekivua kiendeshi cha kipanya ua. Mzani nimeupanga usiseme neno mpaka kompyuta iuulize. Ila sijaujaribu na gunia."

Namono alikuwa ameshaondoka benchini. Wakulima walionekana barabarani, baiskeli zimeinama kwa mizigo, wakitazama mlango wake, kisha uwanja wa Mukama, kisha mlango wake tena.

"Jaribu na yangu!" Afande alijitolea. "Kahawa yangu ni safi, tena nzito. Jini ikitoka, mimi nakamata."

Tulimfuata sote ghalani, Nulu na birika lake. Wakulima walisongamana mlangoni. Mukama aliegemea ufagio. Gunia la Afande likapandishwa mzanini, na Magid akaizima kompyuta, akaiwasha upya.

"Kimya," alisema. "Mzani hausemi. Nanyi msiseme."

Kioo kiliangaza. Mshale ulisimama wima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Namono akabonyeza kitufe cha kuuliza uzito. Namba ikatokea mahali pake, ikatulia.

Namono aliitazama, kiganja mdomoni, machozi yakimlengalenga. Wakulima walimtazama Namono. Ulikuwa ukimya wa kweli, wa kwanza kuusikia tangu nitoke bwenini, nami nilikuwa nimeanza kuufurahia.

"Mimi hapana weka mawe!" Afande alilipuka.

Namono aligeuka taratibu, machozi yamekatika.

"Afande. Nani ametaja mawe?"

"Mimi nasema tu... kwa sababu namba iko kubwa... na wewe iko nanitazama..."

"Nilikuwa namshukuru Mungu!"

"Magid," Nulu alisema, akimimina kahawa bila kuinua macho, "mwingine huyo amesema kabla ya kuulizwa. Lifungueni gunia."

Kisu kilipita kwenye uzi. Kahawa ilimwagika, ikafuatwa na kokoto, zikagonga sakafu moja moja kama mahudhurio yanayosomwa. Afande alirudi nyuma, kwa mpango, na safari hii viatu vyote viwili vilimfuata.

Mlangoni wakulima waliangua kicheko. Wachache wa nyuma hawakucheka. Waligeuza baiskeli polepole, wakavuka barabara, na Mukama akatupa ufagio, akawapokea kwa mikono miwili.

"Namono, wanaondoka!" Wanzala alipiga kelele. "Niende niseme nao?"

"Waache," Namono alisema, akifuta kioo kwa upindo wa gauni. "Hao nao wamejitaja. Haya, aliyebaki asogee. Na asiseme kitu mpaka nimuulize."