Idara ya Upya na Kompyuta Zisizowashwa

Kwa furaha na taadhima, taifa lilitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku, katika ofisi yoyote ya umma, kutumia kitu kilichokwisha kutumika. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Idara ya Upya mwenyewe, ndani ya suti ambayo lebo yake bado inaning'inia mkononi, maana kiongozi huongoza kwa mfano. Nyuma yake ukutani kulikuwa na kaulimbiu ya Idara: KIPYA KINYEMI. Maneno mengine ya methali hiyo, yale ya kidonda, hayakuenea kwenye kibao.

Mkurugenzi alikuwa na sababu zake. Kwanza, maendeleo. Pili, kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na alikitaka kiasi cha kukosa usingizi. Sababu nyingine haikuandikwa kwenye waraka, kwa kuwa ilikuwa shemeji yake. Mdogo wa mkewe, fundi mwenye mdomo usio na breki, alikuwa amefungua duka la kompyuta za mitumba mkabala na lango la Idara, na kila Mkurugenzi aliposhuka garini alimsikia akiita mbele ya walinzi: "Shemeji, njoo uchukue laptopu, nakufanyia bei ya undugu." Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Basi kompyuta mpya zikaletwa, zikapangwa kila meza, plastiki na yote. Karani mkuu, mama mtu mzima aliyekuwa akitoa leseni za biashara tangu enzi za karatasi ya kaboni, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Hapo hapo," akasema Mkurugenzi. "Unafanya nini?"

"Naiwasha, bosi."

"Ukishaiwasha, itakuwa imefanywa nini?"

Karani alifikiri. "Itakuwa imetumika."

"Na kilichotumika?"

"Ni marufuku."

"Sasa mama, mpaka nikufundishe kazi?"

Hoja haikuwa na tundu. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, mchana ni mtumba. Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Kutowasha, yenye mwenyekiti, makamu na chai, nayo ikashauri kompyuta zifutwe vumbi kila siku kwa kitambaa ambacho hakijawahi kufuta kitu. Hilo la kitambaa lilileta mjadala mrefu na halijaisha mpaka leo.

Huku nje foleni ya leseni ilikuwa imezunguka jengo na kuanza kujikuta yenyewe. Watu walimtukana karani mkuu dirishani, tena matusi ya kutajiwa ukoo. Alivumilia kadiri ya uwezo wake, kisha akatia majalada kwenye kikapu, akavuka barabara kama anayekwenda sokoni.

"Nataka ya bei ya chini kuliko zote," alimwambia fundi, "lakini isinitie aibu."

"Chukua hii. Sura imechakaa, roho nzima. Nimeipuliza vumbi, nimeiongezea memori, ile diski yake ya kukoroma nimeitoa nimetia mpya isiyo na kelele. Herufi A imefutika, ila ipo, we bonyeza tu."

"Haichelewi kuwaka?"

"Ishawaka, dada, hata hujakaa vizuri." Fundi akavuta stuli. "Mtumba haununuliwi kwa kung'aa. Iwashe mbele ya muuzaji. Isikilize feni. Bonyeza kila kitufe. Chomoa waya uone betri inashika au inajifanya. Halafu futa madude yote iliyokuja nayo, maana nusu ya uzito wa mashine ni mambo ambayo hakuna aliyeyaomba."

Siku ile leseni zilitoka pale pale dukani, moto moto kama maandazi. Kesho yake makarani wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu na kikapu chake. Hazikupita siku nyingi, Idara nzima ilikuwa inafanya kazi kwenye meza za shemeji, na foleni ikayeyuka.

Mkurugenzi alichungulia dirishani, akaona uwanja mtupu, akafikia uamuzi wa kitaalamu: kompyuta isiyowashwa ina kasi zaidi. Aliandika taarifa. Taarifa ikasifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye akaomba Waziri aje ajionee.

Waziri alikuja, akatembea polepole kati ya meza. Kimya kilikuwa kikubwa, plastiki inametameta.

"Na wafanyakazi wako wapi?"

"Nao hatuwatumii sana, mheshimiwa."

Waziri alitoa kitambaa akajifuta macho. "Hii ndiyo serikali niliyoiota. Ukatibu Mkuu ni wako. Nikumbushe tu kwa ajili ya hotuba, kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

Mkurugenzi akavuta kifua. "Nilianzia Mifugo, nikaenda Barabara, kisha Hali ya Hewa, ndipo nikaletwa hapa."

Waziri akakunja kitambaa taratibu. "Kumbe Mifugo walishakutumia."

"Kwa ufanisi mkubwa, mheshimiwa."

"Na Barabara. Na Hali ya Hewa. Ndugu yangu, wewe ni mtumba wa mkono wa nne." Alisikitika kwa dhati. "Waraka ni wako mwenyewe. Mimi ni nani niuvunje?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini methali haisemi jinsi inavyouma. Iliuma. Mkurugenzi alitolewa langoni na boksi lake, na gari halikuwepo. Ng'ambo ya barabara shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakumwita. Akavuka mwenyewe.

"Karibu, shemeji," fundi akasema. "Kaa hapo kwenye benchi tukuwashe. Dada, jifanye mteja."

Karani mkuu akasogea. "Leseni yangu iko tayari?"

"Suala hilo," akaanza Mkurugenzi, "linashughulikiwa katika ngazi husika, kwa kuzingatia mchakato..."

"Umesikia feni hiyo?" fundi akamwambia karani. "Inavuma, kazi hakuna. Ila mashine yenyewe nzima. Tuanze kufuta."

Wakamfuta. Ilitoka ngazi husika, ukatoka mchakato, ikatoka tabia ya kusubiri mtu mwingine amfungulie mlango. Lebo ya suti ilikatwa kwa mkasi wa kukatia nyaya. Baada ya siku chache mteja aliuliza leseni yake, Mkurugenzi akajibu, "Hii hapa, weka saini," na mwenyewe akashtuka kwa wepesi wake. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mkewe akampigia simu mdogo wake kuuliza wamemtia nini. Kwa kweli alikuwa na raha, raha ya mtu anayekwenda kulala amechoka kwa sababu inayoeleweka.

Lakini waraka mzuri hauishii njiani. Mkuu wa Nchi aliusoma, akaupenda, akaanza kuhesabu mihula ya mawaziri wake.

Asubuhi moja Waziri alionekana mlangoni pa duka, amebeba mkoba wake mwenyewe na hajui aushike kwa mkono upi. Walimkalisha kwenye benchi. Fundi alikuwa na kazi mkononi, akampa Mkurugenzi amkague.

"Mheshimiwa, mimi ni mteja. Leseni yangu iko tayari?"

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, akasimama, na hakukaa tena mpaka saa ya chakula. Mkurugenzi alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, kwa huruma ya mtu aliyepita njia hiyo hiyo. Akamtazama machoni, akamtazama ulimi, kisha akamgeukia fundi.

"Huyu hatengenezeki, shemeji. Tumchukue kwa vipuri."

Fundi akamzunguka Waziri, polepole. "Vipuri gani?"

Mkurugenzi alifikiri sana, maana hakutaka kumwonea mtu.

"Tai si mbaya," akasema.