Mashine Isiyotekenya

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya saba ndani ya plasta. Mfupa wa mguu umegoma kuunga! Fundi redio mzima nimelala kama gogo, na ng'ambo ya barabara Koleo, fundi mwenzangu na adui yangu, anapokea wateja wangu. Mke wangu kahesabu watano leo. Nikikaa hivi mwezi mwingine, kibanda changu kwisha habari yake. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Juni
Afadhali! Daktari wa mifupa kaniazima kimashine cha kufunga juu ya plasta. Kinapeleka umeme kidogo mno, eti unausaidia mfupa kuunga. Kaonya nisikifungue kamwe. Nimeitikia kwa adabu zote.

Alhamisi, 6 Juni
Sihisi kitu. Hakivumi, hakitekenyi. Miaka ishirini na mbili ya ufundi imenifunza: kilicho kimya ni kibovu. Mke wangu akanikumbusha daktari alisema sitahisi chochote. Hao ni wagonjwa wa kawaida, nikamwambia. Mimi ni fundi!

Ijumaa, 7 Juni
Mke kaenda sokoni. Skrubu nne tu. Ndani, kabetri ka kudharauliwa. Nikaunga betri ya pikipiki ya shemeji. Pap! Moshi! Nikaruka, na mguu wangu mzima ukakutana na mguu wa meza. Kidole gumba kimevunjika. Mke kaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu hiki ni kidole.

Jumatatu, 10 Juni
Daktari kashusha pumzi ndefu. Akasema atamtuma fundi hodari anayemwamini. Mchana fundi kaingia na begi lake. Koleo! Kaitengeneza mashine pembeni ya kitanda changu, huku anakunywa chai yangu. Akanieleza polepole, kama mtoto, kwamba nisipohisi kitu ndiyo inafanya kazi. Mke wangu akamshukuru mara mbili. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumatano, 31 Julai
Picha ya mfupa imetoka. Unaunga! Daktari anaisifu mashine. Mke anamsifu Koleo. Waache. Mimi najua ni ile betri ya pikipiki, mara moja tu, pap!

Sasa Koleo atanikoma. Nimeandika kibao kipya cha kibandani: REDIO, PASI, MIFUPA. Mama mkwe, mwenye mkono uliovunjika, ndiye mteja wa kwanza, kesho asubuhi. Nimeshaazima betri ya lori.