Figo la Dada Yangu Limenifukuzia Misuli

Kwa Daktari Mkuu wa Figo,

Baada ya heshima zote unazostahili, mimi ni yule mchukuzi wa magunia uliyempandikiza figo la dada yake mkubwa. Figo linafanya kazi, sikatai. Lakini mikono iliyokuwa ikirusha gunia begani sasa inashindwa kufungua chupa ya maji, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hukunieleza kwamba figo la mwanamke huhamia na homoni zake. Ulinipima ukasema homoni yangu ya kiume imeshuka. Imeshuka ikaenda wapi, Daktari, kama haikufukuzwa na mgeni? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na huyu mmoja si fahali hata kidogo.

2. Unasingizia ugonjwa wa muda mrefu, na vile vidonge vya kuuzuia mwili usilikatae figo, eti ndivyo vinavyokula misuli. Mbona vimeninenepesha mashavu? Dawa moja ijaze uso na kumaliza mapaja! Hata mpishi mwizi haibi namna hiyo.

3. Uliagiza mazoezi: nikae kitini, nisimame, nikae tena. Mtu mzima mimi! Dada hunisimamia kama mwalimu wa zamu: "Haya, mdogo wangu, inuka, acha kudeka." Nikianguka anacheka, kisha anakwenda kulia jikoni akidhani simsikii. Sasa hata mimi machozi yananitoka ovyo. Kama si homoni zake, ni nini?

4. Ghalani wananiita Shangazi. Msimamizi amesema nisipobeba gunia kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yangu anampa mwingine. Naogopa, Daktari. Sijui kazi nyingine.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu unitoe figo hili, uniwekee la mwanamume, ikiwezekana mbeba mizigo mwenye uzoefu. Dada arudishiwe lake, aendelee na udhaifu wake wa kimaumbile.

Nisalimie wauguzi wote, mfagiaji wa wodi, na hata yule wa maabara anayenichoma bila huruma.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani

Nyongeza: Samahani kwa bahasha kukunjamana. Lifti yenu ni mbovu, na ngazi zilinishinda mapema. Dada amenibeba mgongoni mpaka mlangoni pako, begi langu mkononi, akinigombeza njia nzima. Hajui nimeandika nini. Ukimaliza kusoma barua hii, ichane. Figo liache lilipo. Na kama kweli homoni zake zimo humo, naomba niongezewe.