Hotuba ya Kufungua Bomba la Urithi, Bonde la Kuiseb

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi. Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti huyo. Waheshimiwa wajumbe mliobaki garini kwa sababu ya kiyoyozi. Chifu wetu, ambaye kiti chake nimekikalia kwa idhini yake nitakayoiomba baadaye. Akina mama wachuma matunda ya nara, wafugaji, na mbuzi wa wafugaji: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka garini, vioo vikiwa vimefungwa.)

Mimi, Ewald Goraseb, Mkurugenzi wa Idara ya Urithi wa Mabonde Makavu, nimesimama hapa katikati ya mto Kuiseb, viatu vya ngozi miguuni, na havijalowa, jambo linalothibitisha jinsi mto huu ulivyotunzwa chini ya uongozi wangu. (Kicheko. Mkurugenzi anainamisha kichwa kupokea pongezi.) Tathmini shirikishi, iliyofanyika hotelini na kuwashirikisha wadau wote waliokuwa na usafiri wa kufika hotelini, imebaini kwamba urithi wa bonde hili umeongezeka kwa asilimia sitini na mbili: mchanga umeongezeka, ukungu unatosheleza, na hata idadi ya wazee imepanda ikilinganishwa na vijana, kwa kuwa vijana wameondoka. (Sauti ya mzee: "Wameyafuata maji yetu mjini.") Wamefuata fursa, mzee wangu. Tusiharibu shughuli.

Sasa niingie kwenye kiini. Kwa vizazi vingi mmekuwa mkichimba visima kwa mikono kwenye mchanga wa mto, tabia inayoharibu mandhari, maana watalii wanaokuja kuona mnavyoishi hawawaoni, mko shimoni mnachota maji. Kwa hiyo Awamu ya Kwanza ya Mpango Mkakati imewaletea bomba hili lenye utepe, na visima vyote vinafukiwa leo hii, tukianza na hiki kilicho mbele yangu, cha bibi yetu Ouma Rosalinde. Tingatinga limeshawashwa. (Ouma Rosalinde: "Ukifukia hicho, mwanangu, mbuzi wangu hawafiki Jumapili.")

Ouma, kuogopa maendeleo ni kawaida, na idara yangu ina kitengo cha hofu. Lakini mimi ni mtu wa bonde hili, damu na nyama, na ili mwamini, nara hili nimelichuma asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, bila kumwuliza mtu. (Ouma Rosalinde: "Hilo halijaiva. Liweke chini.") Mkurugenzi haambiwi weka chini. Ripoti ya nara nimeisoma mpaka viambatisho. (Analipasua, anakula akimwangalia mpiga picha. Akina mama wanasogea karibu, wasipitwe.)

Tunda hili, ndugu wananchi, ni nembo ya uvumilivu wetu, na ladha yake ni... ladha yake... (Anakohoa. Machozi yanamtoka.) Koo. Naungua koo. Katibu, fungua bomba. (Katibu anatazama viatu vyake.) Fungua, nimesema. (Katibu anafungua. Hakuna tone. Anakaza mkono, na bomba lote linang'oka mchangani, urefu wake kama fimbo ya kuchungia, chini yake hakuna kitu. Mama mmoja: "Kumbe limepandwa. Labda lingeota.")

(Ouma Rosalinde anashuka kisimani bila haraka, anapanda na kopo limejaa. Hampi. "Kwanza yule wa tingatinga azime.") Azime. ("Sema kwenye kipaza sauti, wasikie wa garini.") Tingatinga lizimwe. ("Na liondoke, na visima vyetu vibaki.") Liondoke, vibaki, vyote vibaki, Ouma, nakufa. (Anapewa. Anakunywa makopo matatu, la nne anajimwagia usoni.)

Ndugu wananchi, baada ya mashauriano ya kina, Idara imeamua kuvitambua visima vya mikono kuwa urithi, wazo nililokuwa nalo tangu zamani. Kuiseb ni uhai! Kuiseb ni sisi! (Mbuzi mmoja anaitikia.) Nawashukuru wajumbe, namshukuru mpiga picha, ambaye anazifuta zile za mwisho sasa hivi nikiwa namwona, na kwa namna ya pekee namshukuru mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini aliyetuazima bomba. Katibu, lipanguse vizuri mchanga na ule utepe usikunjike, wiki ijayo tunalifungua tena bonde la jirani.